Shilingi 3,300: Korosho za Kusini na Amri ya Rais

Mwaka 2018 mnada wa korosho ulifanyika mbele ya macho ya watu. Zabuni zilifunguliwa wakulima wakiwa wameketi chini ya miembe na mikorosho, kisha yakasomwa majina ya kampuni, tani zinazotakiwa na bei kwa kilo. Msomaji akimaliza, viongozi wa chama kikuu cha ushirika waliwageukia wenye mali na kuwauliza kama wanauza. Jibu lilitoka kwa sauti za mamia kwa pamoja: tunauza, au hatuuzi. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, jibu lilikuwa hatuuzi.

Naanzia hapo kwa makusudi. Kisa cha korosho za msimu wa 2018/19 husimuliwa kila mara kuanzia Jumatatu ya tarehe 12 Novemba, siku Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba Jeshi ndilo litakalozibeba. Ukianzia hapo unapata kisa cha Rais na uamuzi wake, huku wananchi wakiwa watazamaji wa kupiga makofi au kununa. Walioanza kuamua, hata hivyo, walikuwa wakulima, na waliamua kwa utaratibu uliokuwepo kisheria. Waliigomea bei. Yote yaliyofuata yalijengwa juu ya mgomo huo, nao kadiri siku zilivyopita ukasahaulika.

Kwa nini waligoma? Msimu uliotangulia, 2017/18, ulikuwa wa neema ambayo kusini haikuwahi kuiona. Uzalishaji ulipita tani 310,000, na katika baadhi ya minada bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka nyumba bati, wakanunua pikipiki, wakapeleka watoto shule za bweni. Mwaka uliofuata soko la dunia likateremka. Wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi wako India na Vietnam, na 2018 walikuwa wameshaungua na bei za mwaka wa nyuma, kwa hiyo wakaja mnadani na mikono mizito. Bei zilizosomwa kwenye mnada wa kwanza zilikuwa chini ya shilingi 3,000. Mkulima aliyeuza kwa 4,000 mwaka jana akisikia namba ya aina hiyo, swali lake la kwanza haliihusu Vietnam. Anajiuliza nani anamwibia.

Na alikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Juni ya mwaka huohuo Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyopeleka kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65, ambayo awali ilirudi kuiendeleza tasnia yenyewe. Wabunge wa Lindi na Mtwara, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa nguvu na wakashindwa. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikinunua pembejeo, hasa salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Kwa hiyo msimu ulipofunguliwa Oktoba, kusini ilikuwa imeshakwaruzwa mara moja.

Hatua za Serikali zilienda kwa haraka inayotisha kidogo ukizipanga pamoja. Mwishoni mwa Oktoba Rais alikutana na wanunuzi, wakakubaliana kwamba bei isishuke chini ya shilingi 3,000. Wanunuzi wakarudi mnadani na bei iliyopita kidogo tu hapo, kwa tani chache. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye mwenyewe alikuwa mbunge wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, nchi ya korosho, akawapa siku nne waseme wanataka tani ngapi. Kabla siku hizo hazijaisha, tarehe 10 Novemba, Rais akawaondoa mawaziri wawili, Charles Tizeba wa Kilimo na Charles Mwijage wa Viwanda na Biashara, na nafasi zao akawapa Japhet Hasunga na Joseph Kakunda. Bodi ya Korosho ikavunjwa, na mwenyekiti wake, mwanasiasa mkongwe Anna Abdallah, uteuzi wake ukatenguliwa. Tarehe 12, mara baada ya kuwaapisha mawaziri wapya, akatangaza uamuzi. Magari 75 ya Jeshi, yenye uwezo wa kubeba tani 1,500 kwa mkupuo, yalikuwa tayari. Fedha zitapitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Kiwanda cha Buko kilichoko Lindi nacho kikawekwa mikononi mwa Jeshi kwa ajili ya kubangua.

Hesabu yake ni nyepesi. Makadirio yalikuwa zaidi ya tani 200,000. Kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hizo ni shilingi bilioni 660. Bajeti iliyopitishwa Juni haikuwa na fungu la kununua korosho za nchi nzima. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alihoji hadharani fedha zinatoka wapi na korosho zitauzwa kwa nani. Lilikuwa swali la haki kabisa. Ibara ya 37 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uhuru mkubwa, maana halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Ibara ya 136 nayo imeweka masharti ya namna fedha zinavyotoka Mfuko Mkuu. Baina ya ibara hizo mbili ndimo mjadala ulipopaswa kukaa. Haukukaa. Kusini yote ilikuwa ikizungumza habari moja: 3,300.

Shangwe ilikuwa ya kweli. Nasisitiza, kwa sababu wapo wanaodhani wananchi wanaoshangilia amri ya mtu mmoja ama wamelazimishwa ama hawajui thamani ya taratibu. Mkulima wa korosho anazijua taratibu kuliko wengi wetu mijini. Ameishi ndani ya stakabadhi ghalani tangu mfumo huo ulipoanza Mtwara mwaka 2007. Anapeleka gunia lake chama cha msingi cha ushirika, linapimwa, linapewa daraja, linapelekwa ghala kuu, anapewa karatasi, halafu anasubiri. Mwishoni anapokea bei ambayo imeshapita kwenye kile wanachokiita mjengeko wa bei, makato juu ya makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri, ya halmashauri. Kila kato lina kikao kilicholipitisha na muhtasari uliosainiwa. Aprili 2013, huko Liwale, malipo ya pili yalipokuja pungufu ya yale watu waliyoahidiwa, nyumba za viongozi wa ushirika na wa chama tawala zilichomwa moto. Utaratibu ulikuwa umefuatwa. Fedha hazikuwepo.

Kwa hiyo mtu mmoja anapokuja na kutaja namba moja, isiyo na makato, mkulima anasikia kitu ambacho mfumo wenye vikao kumi na viwili haujawahi kumpa. Anapata namba anayoweza kuizidisha yeye mwenyewe kwa kilo zake, kwa kalamu, usiku, akiwa na mkewe pembeni. Kilo 800 mara 3,300 ni shilingi 2,640,000. Siku ile watu walishangilia kwamba kwa mara ya kwanza hesabu yao ingeweza kumalizikia nyumbani kwao. Kwamba Rais alikuwa ameamua peke yake, hilo kwao lilikuwa jambo la pili, kama lilikuwa jambo.

Kuna kumbukumbu nyingine iliyofanya siku ile iwe na ladha yake. Mei 2013 Mtwara ilichafuka kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na wanajeshi wakaingia mitaani. Wakazi hawakuyasahau magari yale. Miaka mitano baadaye magari ya kijani yanarudi, safari hii kubeba korosho na kwa bei nzuri. Katika uchaguzi wa 2015 Tandahimba na Mtwara Mjini zilikuwa zimechagua wabunge wa CUF, chama cha upinzani. Sidhani mtu anaweza kuuelewa uamuzi wa Novemba 2018, wala mapokezi yake, bila kuyaweka haya mezani. Serikali iliyokuwa imeonekana kusini kama mkono unaochukua, gesi kwanza kisha ushuru, ilikuwa inajaribu kuonekana kama mkono unaotoa.

Baadaye likaja zoezi la uhakiki.

Serikali ilisema italipa mkulima, haitalipa kangomba. Kwa wasiotoka kusini: kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo, kwa bakuli au kwa mzani usio rasmi, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya mavuno, na kwa bei ya kuumiza. Anayefanya biashara hiyo naye huitwa kangomba. Mzigo huo baadaye huingizwa chama cha msingi kwa jina la mtu na kuuzwa kwa bei ya mnada. Kwamba ni unyonyaji, hilo halina ubishi. Lakini Julai na Agosti, akiba imekwisha, mtoto anaumwa, shamba linahitaji kupaliliwa na benki haimjui mkulima, anayefungua mlango ni kangomba peke yake. Mara nyingi ni jirani, mwenye duka la kijiji, wakati mwingine shemeji. Ukisema unamkata kangomba, unakata mshipa unaopita ndani ya nyumba ileile unayotaka kuiokoa.

Timu zikaenda vijijini. Wenye mzigo mkubwa walitakiwa waonyeshe mashamba yao, na ukubwa wa shamba ukalinganishwa na kilo. Ukiitazama kutoka Dodoma ni hatua ya busara. Ukiitazama kijijini, shamba la mkorosho mara nyingi halina hati, mengine ni ya urithi ambao bado haujagawanywa, mengine yamekodishwa kwa maneno ya mdomo, na mavuno ya ndugu watatu huingizwa kwenye akaunti ya mmoja kwa sababu ndiye mwenye akaunti. Watu wa namna hiyo walijikuta wakithibitisha kwamba si wezi wa korosho zao wenyewe. Desemba ikapita. Januari 2019, mwezi wa ada na sare, wengi walikuwa bado wanasubiri. Baadaye Serikali ililegeza, na waliotuhumiwa kangomba wakasamehewa walipwe. Wakati huo miezi ya shida kubwa ilikuwa imeshapita.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa maana hapa sura ya umma ilianza kubadilika, na haikubadilika kwa namna ambayo mtu angeitegemea. Malalamiko yalikuwa mengi: ya wakulima, ya wapakizi wa magunia, ya wenye malori yaliyobeba mzigo kutoka vyama vya msingi, ya wenye maduka waliotoa vitu kwa mali kauli wakijua msimu utalipa. Halmashauri za kusini, ambazo zinaendeshwa kwa ushuru wa korosho, nazo zilikaa na makabati matupu, na suala hilo likafika bungeni. Sikiliza, lakini, malalamiko hayo yalivyoelekezwa. Yalikwenda kwa timu ya uhakiki, kwa viongozi wa chama cha msingi, kwa maofisa wa benki, kwa mkuu wa wilaya. Rais hakulalamikiwa. Rais aliombwa. Sentensi iliyorudiwa na wakulima mbele ya maikrofoni msimu ule ilikuwa na umbo moja: tunamwomba Rais atusaidie, huku chini watendaji wanamwangusha.

Wako wanaosema hiyo ni hofu tu. Hofu ilikuwepo, nchi ile ya 2018 tuliiishi. Ila naona kuna kitu kingine kimejificha humo. Uamuzi ukiwa wa mtu mmoja, yeye ndiye pia njia pekee ya kuurekebisha. Bodi ya Korosho, ambako mkulima angeweza kupeleka hoja kupitia wawakilishi wake, haikuwepo tena. Mnada, ambako angeweza kusema hatuuzi, haukuwepo. Vyama vikuu kama TANECU na MAMCU vilibaki na kazi ya kukusanya karatasi. Mtu aliyecheleweshewa malipo angemlaumu nani, ikiwa yule anayestahili lawama ndiye huyohuyo anayeweza kutoa agizo alipwe kesho? Akili ya kawaida inamwambia aombe. Sisi tuliokuwa tunasoma habari hizo mbali na kusini tulilisikia ombi hilo, tukaliandika kuwa ni kuungwa mkono.

Na wakati watu wakiomba, kalenda ilikuwa inatembea. Korosho ya Tanzania huvunwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, wakati nchi za Afrika Magharibi, Ivory Coast ikiwa mbele, huvuna kuanzia Februari. Hiyo miezi mitatu au minne ndiyo nguvu ya Mtanzania sokoni: viwanda vya India na Vietnam vinahitaji malighafi, na mwenye mzigo mpya ni yeye na majirani zake wachache. Mzigo ukikaa ghalani hadi Februari, faida hiyo inayeyuka. Juu ya hapo korosho ghafi hupoteza ubora kadiri inavyokaa kwenye joto na unyevu wa pwani. Rais anaweza kuliagiza lori na likaondoka saa ileile. Mkorosho wa Ivory Coast hauna wa kuuagiza kutoka Dar es Salaam.

Suluhisho la kubangua wenyewe nalo lilikuwa zuri kwa kulisikia. Tangu miaka ya sabini na themanini nchi ilijenga viwanda 12 vya korosho kwa mikopo, na vingi vyake, baada ya kubinafsishwa, viligeuka maghala. Uwezo wa kubangua tani 200,000 haukuwepo 2018, na haujengwi ndani ya wiki kwa kubadilisha anayeshika funguo.

Tarehe 30 Januari 2019 ikaja habari iliyopokelewa kama ushindi. Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ilisaini mkataba na kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power Solutions kununua tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Piga hesabu: ni shilingi 4,180 kwa kilo, 880 zaidi ya bei aliyolipwa mkulima. Kama ingekuwa kweli, Serikali ingekuwa imewashinda wanunuzi wote kwa akili. Waandishi wa Kenya na wa Tanzania wakaanza kuuliza kampuni hiyo ina historia gani katika biashara ya korosho, na majibu hayakuridhisha. Fedha hazikuja. Kufikia Mei mkataba ulikuwa umevunjika. Tarehe 8 Juni 2019 Kakunda, aliyekuwa amekaa wizarani miezi saba, akaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Innocent Bashungwa. Korosho ziliendelea kutafutiwa wateja kwa mafungu mwaka huo, kwa bei ya mzigo uliokaa.

Mawaziri watatu waliondoka kwa zao moja ndani ya miezi saba, na bodi nzima pamoja nao. Kila alipoondoka mmoja, watu walishangilia tena, nami nakiri kwamba wakati ule niliona ni uwajibikaji. Leo naona tofauti. Waziri aliyeondolewa Juni hakuwa ndiye aliyeamua Novemba. Alikuwa ameapishwa dakika chache kabla ya uamuzi kutangazwa. Kumwondoa kuliwapa watu mahali pa kumalizia hasira yao, na uamuzi wenyewe ukabaki bila kuguswa, haukujadiliwa na yeyote.

Swali la jumla, namna umma unavyowapokea marais wanaoamua peke yao, limechunguzwa sana Marekani, ambako rais hutoa amri za kiutendaji na kura za maoni hupigwa kila wiki. Wachunguzi wa huko wamegawanyika. Wapo wanaosema watu huichukia njia ya amri hata pale wanapoyapenda matokeo yake, kwa sababu wanajali mipaka ya madaraka. Wengine wanajibu kwamba mtu huangalia kwanza rais ni wa chama gani, akiwa wa kwake amri ni ujasiri, akiwa wa wenzake amri ni udikteta. Majibu yote mawili yana mashaka yakipelekwa Tandahimba. Jimbo lililochagua upinzani lilimshangilia rais wa chama tawala. Na watu hawakuwa na njia mbili za kuchagua, moja ya kikatiba na moja ya amri, wakaipenda ya amri. Walikuwa na njia moja iliyowaangusha mara nyingi, na ya pili waliyokuwa hawajaijaribu.

Ungependa kuwa na takwimu hapa. Mimi pia. Julai 2018, miezi minne kabla ya korosho, taasisi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi: waliouridhia utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia na 96 mwaka 2016. Taasisi hiyo ikaandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikidaiwa maelezo ya kibali cha utafiti. Septemba Sheria ya Takwimu ikabadilishwa, ikawa hatari kutoa hadharani takwimu zinazopingana na za Serikali. Mabadiliko hayo yalilegezwa Juni 2019, baada ya msimu. Kwa hiyo katika miezi hasa tunayoizungumzia, chombo cha kupimia maoni ya watu kilikuwa kimetiwa kufuli. Uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao Rais alitangazwa mshindi kwa asilimia 84 na upinzani ukaukataa, siwezi kuutumia kama mizani ya suala hili kwa dhamiri safi. Tunabaki na tuliyoyaona: foleni za benki, mikutano, na maombi.

Jirani ametupa kipimo cha aina nyingine. Julai 2023 Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu 2018. Wako waliomshangilia, hasa maeneo ya viwanda vya mbao, wakasema ajira zinarudi. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mahakama ikausimamisha uamuzi huo. Sisemi Wakenya ni watu wa sheria kuliko Watanzania. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao alishangilia kama mkulima wa Newala alivyoshangilia, kwa sababu ileile ya tumbo na ada. Tofauti ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika ushirikishwaji wa umma kuwa sharti, na ipo mahakama inayolidai sharti hilo. Kwa hiyo asiyekubaliana na Rais alikuwa na mlango wa kugonga ambao haukuwa mlango wa Ikulu.

Nikirudi kusini, nadhani hilo ndilo lililokosekana, na ndilo ambalo mapokezi ya watu yanatuonyesha tukiyasoma bila dharau. Wakulima walikuwa na hoja nzito dhidi ya wanunuzi. Waliitoa wenyewe, kwa pamoja, mnadani. Serikali ingeweza kusimama nyuma ya hatuuzi ile kwa njia nyingi: kuwatangazia watu ukweli wa bei ya dunia, kufidia sehemu ya pengo kwa fedha ya ushuru uliochukuliwa Juni, kuwabana wanunuzi huku mnada ukiendelea kila wiki. Njia hizo ni za polepole na hazina picha nzuri za magari 75 yamejipanga. Lakini zingemwacha mkulima akiwa bado na neno la kusema wiki inayofuata. Uamuzi wa tarehe 12 Novemba ulimpa bei na kumnyang'anya neno, na alipoligundua hilo alikuwa ameshapeleka gunia lake ghalani na karatasi iko mfukoni.

Wapo watakaosema bei aliipata, hata kama kwa kuchelewa. Ni kweli kwa wengi. Shilingi 3,300 mwaka ambao soko lilikuwa chini ya hapo ilikuwa fedha nzuri, na familia zilizolipwa mapema zilifaidika kweli. Siifuti neema hiyo. Ninapoipima naitazama pamoja na mwenye duka aliyefilisika kwa mali kauli, na mpakizi ambaye mzigo aliobeba haukuwa na mwenyewe wa kumlipa, na mjane aliyeambiwa aonyeshe mipaka ya shamba la marehemu. Hawa hawakuwa mkutanoni Novemba, na hawakupigiwa makofi na yeyote Juni.

Oktoba 2019 minada ilirudi. Wanunuzi binafsi walikuwepo tena, zabuni zikafunguliwa, majina yakasomwa. Bei ilikuwa chini ya 3,300, na wala haikuzifikia zile 3,000 ambazo mwaka uliotangulia watu walikuwa wanazidai. Viongozi wa ushirika wakawageukia wakulima na kuwauliza. Walijibu kwamba wanauza.